Wimbo Usio na Mama

Nakushukuru, Mungu wangu, uliyenipa masikio mawili ukaniachia yote mawili hadi uzeeni. Umenilisha katika mji ambao si wa baba zangu, umenilaza salama mahali ambapo wengine hawakuamka, na maswali niliyokuuliza kwa uchungu hukunihesabia kuwa matusi. Sifa ni zako kwa niliyoyaelewa, na ni zako vilevile kwa yale ambayo mpaka leo sijayaelewa. Nikipotea katika kusimulia, nirudishe njiani kwa upole kama ulivyozoea.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Zaina. Zaina mwenyewe, binti yake mkubwa, ndiye aliyenipigia simu hapa Kyebando, Kampala. Kwa sauti ya mtu aliyelia hadi akamaliza, aliniambia kuwa mama amepumzika na kwamba wanampeleka kwao, ng'ambo ya Nile, upande wa Lango. Nilikwenda. Kwa umri wangu safari ile ni ndefu, lakini kuna watu usipowasindikiza hutulii tena. Chini ya turubai nilimkuta Baguma, mvi kichwani, tumbo limemtangulia, amekaa peke yake na sahani ya ugali wa wimbi mapajani. Tulipofahamiana alikuwa mwanajeshi kijana. Sasa anafuga ng'ombe kwao magharibi. Mvulana mmoja wa ukoo, aliyekuwa akipanga wageni kwenye viti, alimwuliza kwa heshima yeye ni nani kwa marehemu. Baguma alifikiri, akajibu, "Nilikuwa nakula kwake." Yule mvulana aliona jibu halijatosha, akanitazama mimi nimsaidie. Kwa anayeujua mwaka ule jibu lilikuwa kamili, na ni mwaka huo ninaotaka kuuandika kabla sisi wawili tuliobaki hatujanyamaza.

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya vita iliyoiangusha serikali. Nilikuwa kijana Mkenya, mtunza stoo katika duka la vyuma mjini, na Jumapili asubuhi nilifundisha katekisimu, ndiyo maana watu waliniita Mwalimu. Nilipanga chumba Kisugu, chumba chenye dirisha moja lililotobolewa na risasi, nami nikaliziba tundu kwa karatasi ya sabuni. Chini ya kitanda kulikuwa na santuri. Siku zile Kampala ilijaa santuri zisizo na wenyewe. Watu walikuwa wamekimbia, nyumba zimevunjwa, na vitu vya sebule za mji mzima vilikuwa vimemwagika sokoni Owino: mapazia, masufuria, picha za harusi za watu usiowajua, na santuri zimepangwa juu ya gunia katikati ya viatu na vitasa vya milango. Nyingi zilikuwa na jina la mtu kwa wino kwenye karatasi ya katikati, kwa sababu zamani watu waliazimana santuri za sherehe na kila mmoja alitaka yake irudi. Nikinunua moja, nilikuwa nikiliombea jina lile kabla ya kuweka sindano. Nilimwuliza padri wetu kama ninafanya dhambi kufurahia kitu ambacho pengine mwenyewe ameuawa. Alisema niendelee kuomba, na nisiache kuuliza. Leo naona kwamba hakunijibu, na namshukuru.

Gramafoni ilikuwa kwa Afande Doka, kule Luzira. Doka alikuwa askari jela kutoka West Nile, Mwislamu, mtu mrefu mwenye mikono mizito na sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Mkewe, Mama Zaina, alikuwa Mkristo, na kila alipokwenda kanisani mumewe alimsubiri nje akiwa na mtoto mgongoni, jambo ambalo askari wenzake walilicheka na yeye hakulijali. Waliishi katika zile nyumba za bati za mviringo za askari, tulizoziita unipoti, na mtu asiyewahi kusikiliza santuri ndani ya unipoti hajui muziki unavyoweza kukuzingira. Sauti ilizunguka ukuta ikarudi kukutafuta, kana kwamba tumekaa ndani ya ngoma. Mchana bati lilichemka. Tulifungua mlango, Mama Zaina akamwaga maji sakafuni, tukakaa juu ya mikeka huku mawe ya redio, yaani betri, yakiwa yameanikwa nje juani ili yapate nguvu ya kuchezesha nyimbo chache zaidi. Mzee Kasule, jirani aliyewahi kufanya kazi kwenye reli, ndiye aliyeyalinda mawe hayo dhidi ya kuku, kwa fimbo, na kwa uzito wa mtu anayelinda benki.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi. Kila Jumapili aliyepata santuri mpya aliileta, ikaoshwa kwa maji ya sabuni, ikakaushwa kwa kitambaa cha pamba, ikachezwa mpaka mwisho bila mtu kusema. Kisha mwenye nyumba alimwelekezea mtu kidole akasema, "Toa mahali." Ukishaambiwa hivyo, lazima useme ulikuwa wapi uliposikia wimbo ule mara ya kwanza. Ambaye hakuwahi kuusikia alisema "sina mahali," na adhabu yake ilikuwa kuosha vikombe. Ilianza kama mchezo. Lakini katika mji ule, baada ya vita ile, watu hawakuulizana walikuwa wapi. Swali hilo lilikuwa la kwenye vizuizi vya barabarani, na jibu baya liliweza kukuua. Kwa hiyo wimbo ulituulizia. Doka alitoa mahali pake: kambi, hoteli, jikoni kwa mke wa kwanza wa baba yake. Kasule aliwahi kusema, kwa lafudhi yake ya Kiganda, "Mwarimu, huu wimbo mimi nilisikia nikiwa bado na meno yote," na hilo likakubaliwa kuwa mahali. Mara nyingine mtu alianza kwa kicheko, akafika katikati ya maneno, akaomba maji ya kunywa. Hatukumsukuma.

Tulikula pamoja. Nyama ikipatikana, Doka ndiye aliyechinja, naye Mama Zaina alisema, "Yeye achinje, mimi niombe, Mungu mwenyewe atajua chakula ni cha nani." Mara nyingi ilikuwa mukene, vile visamaki vya ziwani vilivyokaushwa, amevipika na njugu zilizosagwa, na ugali wa wimbi mweusi uliokatwa kwa uzi. Doka akasema bismillahi yake, sisi tukafanya ishara ya msalaba, na watoto wakafanya yote mawili.

Jumapili moja nilileta santuri ya Kiswahili, ya bendi ambayo sikuwahi kuisikia jina. Niliipata Owino ikiwa safi kama imetoka dukani leo. Ni wimbo wa kijana aliyerudi nyumbani baada ya kukaa mbali. Anasimama mlangoni anawasalimu watu wa nyumba mmoja mmoja: baba, kisha mama, kisha shemeji, na kila salamu ina gitaa lake. Tulikuwa tumefika kwenye salamu ya mama pale Mama Zaina, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, alipoinuka na kuingia ndani na mikono yake ya majani. Alisikiliza mpaka mwisho. Doka akamwelekezea kidole kwa mzaha, akamwambia atoe mahali. "Kumbe ana mama," alisema, akaanza kucheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. Ndugu yake alikuwa nayo santuri hii, alitueleza, na ya kwake ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ikimaliza salamu ya baba iliruka moja kwa moja kwenye shemeji. Miaka yote nyumbani kwao waliimba hivyohivyo, kijiji kizima, hata kwenye harusi, na walikuwa wakimsikitikia yule mwimbaji kwamba ni yatima wa mama. "Sisi tulimpenda kwa sababu hana mama," alisema. "Sasa huyu amekuwa mtu mwingine."

Aliponisindikiza barabarani jioni ile ndipo alipoongeza lile ambalo hakulisema ndani. Ndugu huyo ni pacha wake. Yeye mwenyewe jina lake la kuzaliwa ni Acen, na ndugu ni Opio, kama wanavyoitwa mapacha kwao. Opio alikuwa mwanajeshi wa serikali iliyoshindwa. Alikuwa akisafiri na santuri yake kila alikopelekwa, na tangu mji uanguke hakuna aliyemwona wala kumsikia. Hakulia. Alisema tu kwamba watu wa kwao huamini pacha akifa mwenzake huhisi, na yeye hajahisi kitu, na hajui kama ni kwa sababu yu hai au ni kwa sababu imani hiyo ni ya uongo. Doka hakutaka jina hilo litajwe. Ofisini walikuwa bado wakichunguza nani abaki kazini na nani aondoke, na shemeji wa aina ile angetosha kumtoa kwenye nyumba na kwenye mkate.

Baguma nilikutana naye kwenye lile gunia la santuri. Alikuwa amevaa magwanda ya jeshi jipya, bunduki begani, amechuchumaa akigeuza santuri moja baada ya nyingine na kuielekeza kila moja kwenye jua kama mtu anayekagua mayai. Aliniita ssebo, yaani bwana, akaniuliza kwa adabu ninatafuta za aina gani. Nilipomweleza ule wimbo wa salamu uso wake ulibadilika, akataka kujua kama yangu imekwaruzwa. Nilimwambia ni safi. "Basi siyo," alisema. Nilidhani ni mpenzi wa muziki mwenye masharti yake ya ajabu, nikamkaribisha Jumapili. Sikuona hatari. Mtu anayependa unachokipenda wewe huonekana ndugu mapema mno.

Alikuja bila bunduki. Doka alimpokea kwa ukarimu wa wasiwasi, kama tulivyowapokea wote wenye magwanda yale. Baada ya chakula Kasule akaomba ule wimbo wangu, naye Baguma akainamisha kichwa. Ulipoanza, akawa anaimba chini kwa chini, nadhani bila kujua. Salamu ya baba aliiimba vizuri. Kisha mwimbaji akamsalimu mama, na Baguma akamsalimu shemeji. Wakagongana, yeye na santuri, akanyamaza kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Mama Zaina alikuwa amefunua sufuria. Alibaki ameshika mfuniko mkononi, mvuke ukimpanda usoni, asiurudishe wala asiuweke chini. Doka naye alikuwa amesikia. Kwa haraka, ili wimbo upite, alimwelekezea Kasule kidole, lakini Kasule hakujua chochote, akacheka akasema, "Reo ni zamu ya afande mgeni. Atoe mahali." Baguma akasema, "Sina mahali." Sote tulikuwa tumemsikia akiimba. Akachukua vikombe akatoka kuviosha nje, na watoto wakamfuata wakishangilia kuona mwanajeshi anaosha vikombe.

Nilipokuwa navaa viatu nilisikia mume na mke wakizungumza nyuma ya bati. Doka alisema kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa kama sauti ya mtu mwingine, kwamba mtu wa bunduki haulizwi. Labda alivunja nyumba ya Opio, akaiba hiyo santuri. Labda alimzika. "Ukijua, utafanya nini? Wewe utakula hiyo habari?" Na Mama Zaina akamjibu, "Baba Zaina, huyo kijana amekaa na ndugu yangu. Wimbo wenye kilema hivi hauko dunia nzima. Uko moja." Doka akamwomba, kwa ajili ya watoto. Hakumwamuru, alimwomba. Nilirudi Kisugu na uzito ambao sijausahau. Wiki ile nilimwona Baguma sokoni tena, amechuchumaa palepale, nikapita upande wa pili. Kila sala niliyoianza ilinirudia kama barua isiyo na anwani sahihi, kwa maana sikujua niombe asiulizwe au aulizwe.

Jumapili iliyofuata Mama Zaina hakumngoja mtu. Alipika kuku, ambaye Doka alimchinja. Alipomaliza kuandaa alimwambia Kasule mawe yanahitaji mlinzi, akampakulia chakula chake akale huko nje kivulini. Kisha akaiweka santuri mwenyewe, na wimbo ulipokwisha akamwelekezea Baguma kidole. Baguma akasema kama mara ile, "Sina mahali," akaanza kuinuka kufuata vikombe.

"Vikombe nimeosha," alisema Mama Zaina. "Toa mahali."

Nimesikia maungamo ya watu wengi waliokuwa wakifa, kwa kuwa baadaye kanisa lilinituma kukaa na wagonjwa, lakini sijasikia mtu akizungumza taratibu vile. Baguma alisema kwamba wakati wa vita alikuwa akipeleka maziwa mjini kwa baiskeli. Alikamatwa kwenye kizuizi kwa sababu ya kabila lake na sura yake, akapelekwa katika nyumba ya mtu aliyekimbia, nyumba nzuri yenye maua, wakafungwa wengi katika stoo nyuma ya jiko. Walipomtoa mmoja walimfunga macho. Na kabla ya kuanza kumpiga, katika chumba cha mbele, mtu aliweka santuri kwa sauti ya juu. Kila siku wimbo uleule. Waliokuwa stooni waliujua kama mtu anavyoujua mlango wa nyumba yake: salamu ya baba, kishindo kidogo, salamu ya shemeji. "Sisi hatukujua kwamba kuna mama," alisema. Siku ya mwisho wimbo ulikwisha na hakuna aliyenyanyua sindano. Ikakwaruza, ikakwaruza, mpaka nguvu ya mawe ikaisha. Ndipo walipoelewa kwamba nyumba haina watu, wakavunja mlango. Yeye aliwafuata wanajeshi waliokuwa wakiingia mjini na hakurudi tena kwenye maziwa. Alipopita nyumba ile baadaye, gramafoni haikuwepo, wala santuri, wala hata madirisha. Ndiyo maana alikuwa akiitafuta Owino.

Mama Zaina aliuliza kama aliwahi kumwona mtu wa santuri. Hakuwahi. Lakini alimsikia, kwa sababu kabla ya kuiweka, mtu huyo alikuwa akiiambia santuri maneno fulani kwa lugha yake. Baguma akayasema, vibaya, kama mtoto anayekariri asichokielewa. Mama Zaina alifumba macho. Baadaye alinieleza kwamba ni maneno ambayo bibi yao aliwaamshia asubuhi walipokuwa wadogo: amka, mtoto wa watu.

"Alikupiga?" aliuliza.

"Mama, nilikuwa nimefungwa macho. Aliyenipiga sikumwona. Wa santuri naye sikumwona."

Hapo mambo yangeweza kuishia. Doka alikuwa amesimama mlangoni, mgongo kwetu, akitazama nje asije mtu. Bila kugeuka akasema, "Mama Zaina." Jina tu. Lilikuwa onyo, lilikuwa ombi, na watoto wake wote walikuwa ndani yake. Naye aliweka mikono juu ya magoti, kama afanyavyo mtu anayejiandaa kuinua mzigo, akasema, "Huyo wa santuri ni ndugu yangu. Tulizaliwa siku moja. Jina lake Opio, na sijui aliko."

Nilitazama mikono ya Baguma, Mungu anisamehe, kwa sababu nilifikiri ndiko jibu litakakotoka. Haikusogea. Alikaa hivyo mpaka kuku akapoa na mafuta yakaganda juu ya mchuzi. Kisha akasema, si kwa hasira, "Mimi namtafuta na nina swali moja tu. Alikuwa anaweka ule wimbo ili watu wa barabarani wasisikie, ama alikuwa anaweka ili yeye mwenyewe asisikie?" Mama Zaina alisema hajui. Baguma akatikisa kichwa, akaaga kila mmoja kwa jina, akaondoka. Chakula chake kilibaki. Doka akakaa pale alipokuwa amekaa mgeni. Baada ya muda akaniambia mimi, pengine kwa sababu hakuweza kumwambia mkewe, "Mkenya, mimi nafunga mlango ya watu miaka yote hii. Nikifunga, napiga mluzi. Hata siku moja sijajiuliza sababu."

Zikafuata Jumapili ambazo hatukusikiliza kitu. Watoto walipelekwa kulala kwa Kasule. Begi lilikaa karibu na mlango, na kila gari lililopunguza mwendo barabarani liliwainua kwenye mikeka. Niliendelea kwenda, kwa kuwa nilijua kama nisingekwenda Jumapili moja nisingepata nguvu ya kwenda tena. Mama Zaina alipakua sahani ya ziada akaifunika, na jioni akaigawia watoto, na hakuna aliyemwuliza. Doka alimlaumu mara moja tu, mbele yangu: kwa nini hakunyamaza, wakati kijana yule asingejua kamwe? Alimjibu kwamba hangeweza kumlisha mtu huku anamficha kitu kama hicho. Chakula kingekuwa kama kile cha kumnyamazisha. Nimeisoma teolojia kidogo katika maisha yangu, na nimewahubiria watu habari za ukweli. Sikuwahi kuuona ukifanywa na mtu ambaye ungemgharimu nyumba.

Baguma alirudi mchana mmoja wa mvua, magwanda yameloa, na samli ya kwao imefungwa kwenye jani la mgomba. Hakusema alikokuwa. Hakusema kama aliwahi kusimama mbele ya mkubwa wake na jina lile mdomoni. Alibisha hodi, na Mama Zaina alipotokea akamwuliza kama kuna chakula. Alimwambia, "Ingia. Kinapoa." Doka alimsogezea mkeka. Kasule, aliyekuwa bado hajui kitu na aliyekufa bila kujua, alimgombeza kwa kupotea hivyo kama binti aliyeolewa. Ilichezwa santuri ya gitaa tupu, isiyo na maneno, na hakuna aliyeulizwa mahali. Baguma alikula akamaliza, akaomba tena, na nilimwona Mama Zaina akigeuka kuelekea jikoni kabla hajampakulia, akakaa huko zaidi ya inavyohitajika kuchukua mwiko.

Basi akawa mtu wa Jumapili. Ule wimbo haukuchezwa tena katika nyumba ile. Niliurudisha Kisugu chini ya kitanda na sikuhitaji kuambiwa. Msije mkadhani tulikuwa tumepona. Kuna siku Baguma alimtazama Zaina, aliyefanana na mama yake, na kwa hiyo bila shaka na mjomba wake, akatoka nje akakaa kwenye mvua. Kuna siku Mama Zaina alitia chumvi mara mbili. Walipendana, nadhani neno ni hilo, na kila mmoja alikuwa mlango wa chumba ambacho mwenzake hakutaka kuingia.

Mwishoni mwa mwaka, Krismasi ikikaribia, ikaanza kusemwa kwamba wanajeshi wa zamani wanatoka porini na kujisalimisha, na kwamba malori yanawaleta mjini kutoka kaskazini. Baadhi ya wake na dada walikuwa wakienda kusimama barabarani kutazama nyuso. Nilimwuliza Mama Zaina, aliponisindikiza kando ya ua wa jela, kama naye ataenda. Ziwa lilionekana kwa mbali chini ya Port Bell, la kijivu, na kutoka nyuma ya ua ule tulisikia wafungwa wakipewa amri za jioni.

"Mwalimu," alisema, "siku hizi sala yangu imeharibika. Nampigia Mungu magoti, namwomba Opio awe hai. Halafu kabla sijasema amina, namwomba asije Jumapili."

Alisimama akinitazama, kwa sababu mimi ndiye niliyefundisha katekisimu, na alitaka kujua kama sala ya aina hiyo inafika. Nilikuwa na majibu mengi wakati huo. Kijana huwa nayo. Namshukuru Mungu aliyenifunga kinywa. Nilimwambia tu kwamba nami nitaiomba, vilevile alivyoisema, sehemu zote mbili. Tukaagana, akarudi kuwapakulia watu waliokuwa wakimngojea ndani: mumewe, wanawe, na yule kijana.

Opio hakuja Jumapili, wala siku nyingine yoyote. Hakuna lori lililomleta, hakuna aliyesema alimwona, na kule Lango kaburi la pacha mmoja sasa lina nafasi kando yake ambayo wamekubaliana isipandwe kitu. Doka alimtangulia mkewe miaka mingi. Nimeiomba sala ile miaka yote hii, na tangu mwezi uliopita ninaiomba peke yangu, ingawa aliyekuwa akiogopa Jumapili hayupo tena wa kuogopa. Sijui jinsi ya kuifupisha.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akujalie meza isiyopungua na mtu wa kukuambia uingie, chakula kinapoa. Na kama yupo unayemngoja na kumwogopa kwa wakati mmoja, Bwana akae nawe katika kungoja huko, asikuharakishe, asikuache. Amina.